Alilaumu moto wa kuchomelea, kumbe presha ndiyo iliyokuwa ikimla macho

Saa mbili kasoro robo asubuhi, fundi wa kuchomelea anapiga magoti mbele ya fremu ya mlango. Anashusha kinyago, anagusisha kijiti cha kuchomelea kwenye kona ya chuma, na mwanga wa buluu unawaka. Mkono unatambaa polepole, hautetemeki. Anapoinua kinyago, mshono umelala kama magamba ya samaki.

Kisha anafumba jicho la kulia na kuutazama tena kwa la kushoto peke yake. "Kwa hili naona moshi tu," anasema. "Mwaka jana wakati kama huu, moshi ulikuwa umeanza kuingia na kwenye la pili."

Mtaani wanamwita Mzee Cheche, ingawa hajatimiza hamsini na tano. Kazi hii ameifanya miaka ishirini na tisa. Kisukari anacho kwa miaka kumi na mmoja.

Hakuna fundi wa kuchomelea asiyejua macho yanayowasha kama yametiwa mchanga. Ukiutazama moto kwa bahati mbaya, jioni machozi yanakutiririka, unajifunika kitambaa cha maji baridi, kesho unarudi kazini. Ndiyo maana vidoa vyeusi vilipoanza kuelea mbele ya jicho lake, hakushtuka. Alinunua kioo cheusi zaidi cha kinyago. Vidoa vilipozidi, akanunua kingine.

Mkewe, anayeshona sare za shule sebuleni, alimwona akimimina chai nje ya kikombe huku akiendelea kuzungumza. Kesho yake walikuwa kliniki ya macho.

Cheche alikwenda kifua mbele. Sukari yake ilikuwa imetulia karibu miaka miwili, na daftari la vipimo alilibeba kama cheti. Daktari alilisoma, akampongeza, kisha akaomba mkono apime presha. Ikasoma 178 kwa 104. Akauliza dawa za presha anakunywa saa ngapi. Fundi akatazama dari.

Ukweli ulitoka kidogokidogo. Kwa miezi minane hakuwa akimeza kidonge cha presha siku za kazi, kwa sababu kilikuwa kikimpeleka chooni mara kwa mara. Na mshono ukikatishwa katikati, sharti uusage na kuuanza upya, la sivyo unabaki na kasoro.

"Mteja hana habari na kibofu changu," anasema. "Yeye anaona kovu kwenye mlango wake. Jumapili nilikuwa nakimeza, kwa heshima ya mama watoto."

Daktari alimtonea matone ya kutanua mboni, akamulika. Mishipa midogo nyuma ya jicho la kushoto ilikuwa imevuja damu. La kulia lilikuwa limeanza kuvimba ndani. Vipimo vingine vikaonyesha mafuta mengi kwenye damu, na figo zilizoanza kulalamika. Akaulizwa kuhusu sigara pia. Alikuwa akivuta pakiti moja kwa siku, nyingine akiziwasha kwenye chuma chenye moto.

Daktari akamweleza kwamba jicho haliishi peke yake, linakaa nyumba moja na moyo na figo. Mshipa wa damu ni kama bomba: sukari inalichubua kwa ndani, presha inalisukuma, na moshi wa sigara unalidhoofisha. Ukiziba upande mmoja, litatobokea mwingine.

"Alinipiga kwa lugha ya mabomba," anasema Cheche. "Nikaona aibu. Bomba la namna hiyo ningeletewa mimi, ningelikataa."

Jicho la kushoto lilichomwa kwa miale ya leza ili kuzuia lisivuje zaidi. Kilichokwisha potea hakikurudi. Kidonge kile kilibadilishwa siku hiyohiyo, akapewa aina isiyomkimbiza chooni. Jambo hilo bado linamuuma mkewe. "Miezi minane ya ubishi," anasema, "na dawa yake ilikuwa swali la dakika mbili."

Sigara ameacha mwezi wa tano sasa, baada ya kuirudia mara mbili. Mafundi wa jirani wanamwita Bwana Afya na kumuuliza kama siku hizi anachomelea kwa mboga za majani. Anawaacha waseme. Presha yake ya mwisho ilikuwa 132 kwa 80.

Shule moja imemwomba atengeneze vizuizi vya ngazi za ghorofa tatu. Ni kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupewa, na inataka jicho zima. Hajaipokea. Alhamisi anarudi kupimwa la kulia.

"Zamani ningeipokea kwanza, macho baadaye," anasema. "Lakini pale wataegemea watoto. Daktari akisema limetulia, Ijumaa nakata chuma. Akisema bado, nitawaambia walimu ukweli, mimi nibaki na vitanda vyangu vya chuma."

Mkewe anajibu bila kusimamisha cherehani. "Na vitanda navyo vinataka jicho. Kwa hiyo kidonge kiko palepale."