Posa ya Majaribio

Mwaka wangu wa pili chuoni, kule mtaa wa Jane na Finch, Kanada, nilichukua somo la vichekesho vya zamani vya jukwaa la Kifaransa kwa sababu moja tu: ratiba yake haikugongana na zamu yangu ya kuosha vyombo hotelini. Nikavipenda kupita kiasi. Karibu kila mchezo ulikuwa na bwana asiyemwamini mchumba wake. Anajigeuza mtu mwingine, au anamtuma rafiki amtongoze binti, kisha anajificha asikilize. Binti anakataa, bwana anajitokeza, wanacheka, wanaoana. Darasa zima lilicheka, na mimi nilicheka kuliko wote.

Nilikuwa na mchumba Morogoro, mwalimu wa shule ya msingi. Aliahidi kunisubiri na hakuwahi kunipa sababu ya kumshuku. Lakini baridi na upweke vilinitia wivu wa kijinga, na lile somo likanifanya niuone wivu huo kama akili. Nikampigia simu binamu yangu.

"Peleka posa kwao," nikamwambia. "Tunga jina lolote. Sema ni mhandisi, kajenga."

"Acha utani, bwana. Posa hiyo! Wazee watakaa kikao."

Nikambembeleza mpaka akakubali, akatafuta mtu wa kuwa mshenga.

Na kweli wazee walikaa. Baba wa mchumba wangu, baba zake wadogo, na shangazi wawili waliosafiri kutoka Kilosa. Wakamwita, wakamsomea barua. Yule binti, ambaye mbele ya baba yake hata kucheka alikuwa hacheki, akasema hamtaki mhandisi, ana mtu wake Kanada. Mtu ambaye hajaleta hata barua! Alisemwa siku hiyo mpaka akalia.

Nilipopata habari nilifurahi mno, aibu iliyoje. Nikampigia nimweleze, nikitegemea kicheko.

"Kwa hiyo mimi nalia mbele ya wazee," alisema taratibu, "wewe huko unatazama mchezo?"

"Nilitaka tu kuwa na uhakika, mpenzi."

"Si ungeniuliza."

Akakata simu. Niliomba radhi kwa barua, nikaomba kupitia dada yake, wapi. Mwisho nikatuma posa ya kweli, yenye jina langu, na mara hii mshenga akawa binamu yangu mwenyewe. Kwa desturi, kabla ya jambo lolote, wazee humuuliza binti kama anamfahamu mwenye barua. Wakamuuliza.

"Simfahamu," akajibu. Baba yake akairudisha barua.

Binamu yangu alinipigia akiwa amefura kwa hasira, akasema binti kawadanganya wazee mchana kweupe. Nilikuwa kituoni nangoja basi, theluji imenijaa mabegani. Binti hakudanganya. Mtu ambaye yeye alimfahamu asingemtumia ile barua ya kwanza.