Jogoo Niliyemchinja Mwenyewe

Nyumbani kwetu Kansanga baba hachinji kuku. Baba ni Mkatoliki kutoka kaskazini, polisi mstaafu, mtu anayevaa rozari ndani ya shati na kufanya ishara ya msalaba hata kabla ya kuwasha redio. Mama ni Mwislamu, Mnubi wa Bombo, kitukuu cha wale askari walioletwa na Waingereza kutoka Sudan. Kwa hiyo kila kuku aliyeingia nyumbani kwetu alitoka tena akiwa hai, kwapani mwa baba, akapelekwa kwa mzee muuza mkaa nyuma ya maduka. Mzee ni Mwislamu, ana kisu kikali na maneno machache. Anasoma bismillahi, anakata, baba anarudi na kuku wake. Zamani tukiwa bado kambini, baba alimpeleka kuku kwa jirani akiwa ndani ya sare kamili, na askari wenzake wakamtania, "Afande, huyo umemkamata kwa kosa gani?"

Mimi ni mtoto wao wa pekee. Walipooana walikubaliana kwamba mtoto hatabatizwa wala hatapelekwa madrasa, atachagua mwenyewe akifika miaka kumi na minane. Sasa nina thelathini na mmoja, na bado naangalia. Mama akiulizwa na wateja wake kule Owino, anakouza magauni ya mitumba, binti yake ni dini gani, hujibu, "Huyo? Huyo bado anasoma menyu."

Si uongo. Nimeingia kila mahali mjini hapa pa kuvulia viatu na pa kutovulia. Nimekaa msikitini nyuma ya mama na kanisani kando ya baba. Nimepanda kilima chenye nyumba ya sala ya wale wanaokubali dini zote, yenye milango tisa, nikatoka kwa mlango mwingine makusudi, nione kama kuna tofauti. Nimeingia hekalu la Wahindi katikati ya mji, nikapewa kipande cha kitu kitamu kilichopelekwa kwanza kwa mungu wao, na mama wa pale akanitazama mpaka nikakimaliza. Nimepiga magoti kwenye nyumba ya mizimu, ya nyasi, iliyotandikwa nguo za magome ya mti, mbele ya mikuki na punje za kahawa, nikaambiwa nisiulize maswali mengi. Nikauliza.

Kilichonishangaza kuliko sala zote ni tumbo. Katika Kampala hii kila mtu ana kitu asichokula. Rafiki yangu Msabato hali kambare, hata umkaangie vipi. Yule mama anayeniuzia senene hapo barabara ya Ggaba ni wa ukoo wa Senene mwenyewe. Anawatoa miguu, anawakaanga, anawafunga, na mwaka wote hatii hata mmoja mdomoni. Nilimwuliza, "Hata kuonja chumvi?" Akasema, "Banange! Unaweza kumla ndugu yako uonje chumvi?" Mimi nilikuwa nacheka tu, maana mimi nakula kila kitu.

Na halafu alikuwepo Haboba. Ndivyo Wanubi wanavyomwita bibi, na huyu ndiye mama yake mama. Haboba hakuwa na kitu kimoja asichokula. Alikuwa na nyumba nzima asiyokula, na nyumba hiyo ni yetu.

Mama aliolewa na mtu asiye Mwislamu, na Haboba hakulikubali jambo hilo hata siku moja. Hakugombana, hakulaani. Alikuja kututembelea kila mwaka, akatubusu, akatuombea dua, na chakula kikiletwa akafungua mkoba wake. Ndani mna kisra, ile mikate myembamba kama karatasi, alizopika mwenyewe Bombo na chai kwenye chupa yake. Mama angeweka sahani mbele yake hata hivyo. Haboba angesema, "Nimeshiba, mwanangu," huku anatafuna kisra yake. Mama angeirudisha ile sahani jikoni. Kila mwaka nilimwona mama akipika kama anayefanya mtihani, na kila mwaka anaanguka.

Mwaka huu Haboba alikuja kwa sababu ya macho. Mtoto wa jicho alikuwa amemziba pande zote mbili, na daktari alipanga kumpasua jicho la kulia Ijumaa. Alifika Jumanne na kisra zake. Joto la wiki ile, wallahi, sijui lilitoka wapi. Kufikia Alhamisi kisra zimeota ukungu, na yeye kwa macho yale hakuuona. Mama ndiye aliyemnyang'anya kipande mkononi. Haboba akasema, kana kwamba anaagiza maji, "Basi kesho nikirudi kutoka kwa daktari nitakula hapa."

Mama alikuja jikoni akanishika mabega. Alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja. "Umesikia? Atakula! Kabla mmoja wetu hajafa, mama yangu atakula chungu changu." Jioni ileile alileta jogoo mwekundu mwenye kiburi, akamfunga mguu kwenye bomba la maji.

Asubuhi ya Ijumaa aliamka mapema akapika wali na mchicha wa simsim, yaani ufuta, ule aliofundishwa na dada zake baba. Akaniachia maagizo: baba ampeleke jogoo kwa mzee, mimi nimpike kwa nyanya, yeye na Haboba watarudi saa tisa. Saa tano wakapanda teksi wakaenda.

Dakika kumi baadaye baba akapigiwa simu. Siku hizi analinda lango la ofisi moja Nakasero, na mwenzake wa zamu alikuwa ameanguka na boda. Akaondoka huku anafunga vifungo. "Wewe peleka jogoo," akasema.

Nikampeleka. Kwa mzee mkaa ulikuwepo, mzee hayupo. Amefiwa na dada yake Jinja, ameondoka tangu alfajiri. Nikaenda kwa muuza nyama wa jirani. Amefunga, amekwenda sala ya Ijumaa. Nikasimama barabarani na jogoo ananiharishia gauni. Saa saba ikapita. Saa saba na nusu. Mimi sina subira, na nikikasirika huwa najiona nina akili. Nikajiambia, kwani mzee ana nini ambacho mimi sina? Kisu ninacho. Maneno nayajua. Nimeyasikia tangu utotoni.

Nikarudi nyumbani. Nikakinoa kisu kwenye ngazi ya saruji mpaka kikakata unywele. Nikatafuta kibla kwa simu. Nikamlaza jogoo, nikakificha kisu asikione, nikasema bismillahi, Allahu akbar, kwa sauti, na mkono wangu, sijui nani aliutuma, ukapanda kwenye paji la uso, ukashuka kifuani, bega hili, bega lile. Ishara ya msalaba, kama baba kabla ya kila kazi. Halafu nikakata.

Kusema kweli nilikata vizuri. Hakuhangaika. Nilibaki nimechutama pale nikitazama damu ikiingia mtaroni, na badala ya hofu nikapata udadisi wangu uleule: je, huyu sasa ni halali? Kisu kimefuata sheria, maneno yamefuata, upande umefuata. Kilichobaki ni mimi. Ili ujue kama jogoo ni halali, ilibidi kwanza ujue aliyemchinja ni nani, na swali hilo nilikuwa nalikwepa miaka kumi na mitatu.

Nikampika. Akanukia mtaa mzima.

Saa tisa wakarudi. Haboba jicho la kulia limefungwa pamba na plasta, la kushoto bado lina ukungu. Mama akamketisha mkekani, akamnawisha mikono, akapakua wali, mchicha, paja la jogoo. Akapiga magoti mbele yake, sahani mikononi.

Haboba akanusa. "Amechinja nani?"

"Yule mzee wetu, mama," mama akajibu. "Kama siku zote."

Ningeweza kunyamaza. Mama angepata alichokingoja tangu siku ya ndoa yake. Lakini yule bibi alikuwa na jicho moja lililofungwa na lingine lisiloona vizuri, na kumlisha mtu kitu asichokijua, hapana, nilishindwa. "Ni mimi, Haboba," nikasema. "Mzee hayupo. Nimechinja mimi."

Mama akanigeukia. Sitausahau uso ule.

Haboba hakupandisha sauti. Akauliza, ulielekea wapi? Kibla. Kisu kilikuwa kikali? Kilikata unywele. Ulisema nini? Nikamwambia. "Halafu?" Nikamwambia na ishara ya msalaba. Mama akafunika uso kwa kanga.

"Na wewe," Haboba akasema, "ni nani, mjukuu wangu? Hakuna aliyewahi kuniambia."

"Bado sijui, Haboba."

Akaisukuma sahani taratibu mpaka ikagusa magoti ya mama. "Nimeshiba, mwanangu."

Hapo ndipo maneno yakanitoka. "Haboba, sawa, jogoo ni kosa langu! Lakini wali hauchinjwi! Mchicha hauchinjwi! Miaka yote hii mama anakuwekea wali, wali umekukosea nini?"

"Nyamaza!" mama akasema. Haboba alikuwa anapapasa ukingo wa mkeka kwa vidole.

Mlango ukafunguliwa, baba akaingia na sare ya ulinzi, ana njaa ya tangu asubuhi. Alipomwona mama mkwe wake akarudi nyuma hatua moja, akasimama kizingitini na kumsalimu akitazama pembeni, kama anavyofanya siku zote. Kisha akapita ukutaukuta hadi kona ya jikoni kwenye sufuria, akainua kifuniko.

"Nani amechinja? Nimepita kwa mzee, hapana mtu."

"Mimi," nikasema kwa mara ya pili.

Akarudisha kifuniko. "Basi mimi hapana kula hii." Kiswahili cha baba ni cha paredi, hakina kona.

"Baba! Wewe ni Mkatoliki!"

"Najua mimi ni nani. Lakini ndani ya nyumba hii kuku haliwi namna hiyo. Mama yako atakula nini? Mimi nikae hapa natafuna, yeye ananitazama?"

Haboba akainua kichwa kuelekea sauti ilikotoka. "Unampelekea mzee kila kuku?"

"Kila kuku, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipomwoa binti yako."

"Hata siku ambazo mimi sipo?"

Baba akafikiri. Hakuwa na nia ya kumuumiza. Baba akiulizwa swali anajibu swali. "Mama, kwenye chakula chetu wewe hujawahi kuwepo."

Nje mtu alikuwa anapiga honi ya boda, anaacha, anapiga tena. Niliona machozi yakitoka kwenye lile jicho lisilofungwa, na mama akakimbilia kuyafuta, plasta isilowe.

"Ilikuwa hasira," Haboba akasema. "Wali haukunikosea. Nilikasirika, halafu ikawa mazoea, halafu nikaona aibu kuiacha." Akavuta pumzi. "Mkwe, njoo ukae ule. Na mimi mnipakulie wali."

Hakuwahi kumwita mkwe. Siku zote alikuwa "yule polisi". Baba akavua kofia, akavuta kigoda mpaka mlangoni, akakaa amempa Haboba mgongo, sahani ya wali na mchicha mapajani. Mama akapakua nyingine, akafinyanga tonge, akalitia mkononi mwa mama yake. Haboba akalila. Akatafuna polepole sana. Kisha akaninong'oneza, "Kwa nini amenipa mgongo?"

"Kwao mwanamume hali akimtazama mama mkwe. Ndiyo heshima."

"Astaghfirullah," akasema. "Na mimi nilidhani ana kiburi." Akaanza kucheka, akashika plasta kwa maumivu, akaendelea kucheka. Mabega ya baba nayo yakaanza kutikisika pale mlangoni. Mama alikuwa ameshika sahani akilia bila kujificha, na kila Haboba alipomaliza tonge, akampa jingine.

"Huu mchicha nani amekufundisha?" Haboba akamwuliza.

"Mawifi zangu."

"Ongeza."

Mimi nilikuwa nimerudi jikoni, nimesimama na mwiko. Jogoo alikuwa sufuriani karibu mzima, mwekundu kwa nyanya, ananukia, na mimi pekee katika nyumba ile ndiye sikuwa na kitu cha kunizuia. Nilikuwa na njaa kweli. Nikamtazama mama, na mgongo wa baba.

Nikamfunika. Nikamwita dada wa nyumba ya pili, yeye na watoto wake hula bila kuuliza, nikampa sufuria yote akabaki ameduwaa. Kisha nikachota wali, nikaenda kukaa mkekani karibu na Haboba. Akapapasa sahani yangu kwa vidole, akatafuta nyama, hakuipata.

"Na wewe huli jogoo wako?"

"Sili, Haboba," nikasema.

Akaniwekea mchicha kidogo kutoka sahani yake.