Mbweha wa Upande wa Husby

Hortense alisafisha mabehewa ya treni kwa miaka tisa, mpaka mgongo ukakataa. Siku moja ya Septemba, mwaka 2009, aliinama kuokota gazeti chini ya kiti akashindwa kuinuka. Wenzake wawili wakamshika makwapani, wakamtoa nje kama mzigo. Alipomaliza likizo ya ugonjwa, ofisi ya ajira ilimpeleka kwenye shamba dogo la wanyama wanaotembelewa na watoto, pembeni ya mtaa wa Husby, dakika ishirini kwa miguu kutoka kwake. Kazi ilikuwa kulisha sungura, mbuzi wanne na kuku. Kazi nyepesi, walimwambia. Aliyesema hivyo hakuwahi kubeba ndoo ya maji juu ya barafu.

Januari theluji ilirundikana kwenye ua mpaka karibu na juu. Asubuhi moja Hortense alifungua banda akakuta manyoya yametapakaa kila mahali. Kuku kumi na mmoja walikuwa wamelala chini. Wawili tu ndio walioliwa. Wengine waling'atwa shingo na kuachwa hapohapo. Nyayo zilionyesha mbweha alivyopanda lundo la theluji, akaruka ndani bila shida yoyote.

Mtu pekee pale shambani aliyejua mitego alikuwa Göran, mzee wa miaka sabini mwenye leseni ya uwindaji na nyonga mbovu. Kupiga magoti kulikuwa kumemshinda. Akamtazama Hortense.

"Mimi nitasema, wewe utafanya," alisema.

"Mgongo wangu pia ni mgonjwa, Bwana Göran."

"Niite Göran tu. Basi wewe mgongo, mimi nyonga. Labda tukiunganishwa tutatosha mtu mmoja."

Mtego ulikuwa sanduku refu la mbao na waya, lenye mlango unaoanguka mnyama akikanyaga kibao cha ndani. Haukuumiza, ulimfungia tu. Lakini sheria ilitaka ukaguliwe asubuhi na jioni kila siku, hata kama mvua ya barafu inanyesha. Göran alimwonyesha pa kuuweka, penye vichaka ambapo nyayo zilipita kila mara. Kisha akamwambia auzuie mlango kwa waya ubaki wazi, aweke ngozi za samaki ndani, na aache hivyo kwa majuma mawili.

"Yaani tunamlisha mwizi?" Hortense aliuliza.

"Tunamlisha. Mpaka aone humu ndani ni mwake."

Juma la kwanza nyayo zilifika hatua tatu kutoka kwenye sanduku, zikageuka. Juma la pili vilevile. Göran aliinua glavu za Hortense, akazinusa.

"Unajipaka nini mikononi?"

"Mafuta. Baridi inanipasua ngozi."

"Mbweha anasikia harufu yake akiwa bado yuko mtaa wa pili, Kista."

Kuanzia siku hiyo aliacha mafuta na kusugua glavu kwa majani ya msonobari. Vidole vyake vilipasuka mpaka vikatoa damu. Mbweha akaanza kuingia kula. Hapo ndipo Göran alipomwambia aufungue ule waya, autege kweli.

Aliyenaswa wa kwanza alikuwa paka mnene wa jirani. Mwenye paka alimgombeza Hortense mbele ya watu huku mnyama wake akilamba mafuta ya samaki mdomoni. Mara ya pili mlango uliganda kwa barafu. Mbweha alikula chambo chote, akaondoka zake. Hortense alisimama mbele ya sanduku tupu akatamani kukaa chini palepale kwenye theluji, asinyanyuke tena mpaka masika.

Jumapili rafiki yake Victoire alimkamata mlangoni mwa kanisa, wimbo wa mwisho haujaisha.

"Mama Gaëlle, unatoroka tena?"

"Ni ule mtego, dada yangu, ma sœur. Jua linazama mapema."

"Wanakupa siku ya kupumzika, lakini?"

"Wananipa. Mnyama ndiye hana Jumapili."

Nyumbani binti yake Gaëlle, aliyekuwa na miaka kumi na saba, alimwangalia akivua viatu vilivyoloa. "Kwa nini hawajengi tu ua mrefu zaidi?" aliuliza kwa Kiswidi, kama kawaida yake.

"Nimewaambia. Wanasema ardhi imeganda, nguzo haziingii." Alisinzia na kiatu kimoja mguuni.

Mapema Machi, saa moja asubuhi, mlango wa mtego ulikuwa chini.

Kwa miezi miwili Hortense alikuwa amejiandaa kuifurahia siku hiyo. Alimfikiria mnyama mwekundu, mnono, mwenye mkia mkubwa. Aliyekuwa ndani alikuwa mifupa mitupu. Upele ulikuwa umemla manyoya, mkia umebaki kama kamba, na macho yalikuwa karibu kuzibwa na vigaga vya vidonda. Alijikuna mara moja, akajilaza ubavu. Hakujaribu hata kuguguna waya.

Akampigia Göran simu. Alikuwa mjini hospitalini kwa ajili ya nyonga.

"Nipe saa moja," alisema. "Mfunike kwa gunia, atulie. Kaa mbali kidogo."

Hortense akamfunika. Akageuza ndoo, akaikalia hatua kumi kutoka pale. Chini ya gunia alisikia pumzi fupifupi, na kila baada ya muda kucha zikikwaruza ngozi. Alijaribu kuwakumbuka wale kuku kumi na mmoja ili apate hasira. Hasira haikuja.

"Pole," alisema hatimaye, kwa Kiswahili, kwa sababu hilo ndilo neno lililokuja.

Göran alifika na bunduki ndani ya mkoba wake na kibali cha polisi cha kuitumia hapo. Alimchungulia mbweha, akatikisa kichwa. "Huyu asingefika Aprili," alisema. Hortense akaenda nyuma ya banda la mbuzi akaziba masikio. Mlio wa bunduki ulipenya hata hivyo. Aliikimbia Uvira, mji wake, vita vilipofika mwaka 1996, na mlio huo alikuwa bado hajausahau.

Mwaka huo Göran alimshawishi afanye mtihani wa wawindaji. Alisoma kitabu cha Kiswidi jikoni, kurasa mbili mbili, usingizi ukimshinda. Nadharia alianguka mara ya kwanza, akafaulu ya pili. Kisha akaenda uwanja wa kulengea shabaha. Mwalimu, mwanamke kijana, alimpa bunduki akamwonyesha namna ya kuishika. Hortense aliishika kwa muda, akairudisha mezani taratibu.

"Usiwe na haraka," mwalimu alimwambia.

"Sina haraka. Mikono ndiyo haitaki."

Alimweleza Göran akitegemea kulaumiwa. "Basi wewe utatega," mzee alisema, "na mimi nitakuja ukinipigia." Na ndivyo walivyofanya majira mawili ya baridi yaliyofuata. Walinasa mbweha wanne, wawili kati yao wagonjwa. Göran alipofanyiwa upasuaji, alimtuma mwindaji mwenzake badala yake.

Shamba lilimwajiri Hortense nusu siku. Vuli ya mwaka 2012 ua mpya wa mita mbili ulikamilika, na chama kinachoendesha shamba kikaamua mtego urudishwe ghalani. Aliuosha mwenyewe, akaukausha, akausukuma ndani hatua kwa hatua huku akijishika kiuno. Göran alikuwa amekuja na fimbo yake kunywa kahawa.

"Umefurahi?" alimuuliza.

Hortense alifikiri. "Nimechoka tu," alisema, akaketi kando yake. Wakanywa kahawa mpaka mbuzi walipoanza kulia kwa kiu, Hortense akainuka akaenda kuchukua ndoo.