Mzuka Aliyevua Kandambili Mlangoni

Saa tatu asubuhi, na tayari kuna mtu kwenye benchi la Mama Pindo anaisema filamu. Mkononi ameshika suruali iliyotoboka mfuko, lakini suruali itasubiri. Kwanza anataka kueleza kwa nini mjane wa kwenye filamu hana akili.

"Chumba kinagongwa kutoka ndani, humo hamna mtu, na yeye anabeba mto wake akalale humo humo!" anasema mteja huyo, fundi bomba wa mtaa wa pili. "Mimi ningekuwa nimefika kwa mama yangu kitambo."

Mama Pindo amebana pini kwa midomo, kwa hiyo anajibu kwa kutikisa kichwa. Mguu uko kwenye kanyagio la cherehani, mikono inasukuma kitambaa chini ya sindano, macho hayanyanyuki. Mteja anadhani fundi amezama kazini. Kumbe fundi anajikaza asicheke, maana akicheka atameza pini.

"Na yule mzuka je?" anauliza baada ya kuzitoa.

"Yule ndiye hasa! Sijui walimwokota wapi yule mama. Anatembea kama mtu aliyekuja kuchukua chake."

Walimwokota hapa hapa, kwenye kiti hiki. Mzuka wa filamu ya "Mgeni wa Chumba cha Nyuma", ambayo mtaa mzima hauishi kuizungumza, ni Mama Pindo mwenyewe. Wateja wake karibu wote hawajui, kwa sababu kwenye filamu uso wake umefunikwa kitambaa mwanzo hadi mwisho.

Jina la Mama Pindo alipewa na wateja. Gauni alilolishona yeye utalifua mpaka lipauke, pindo litabaki palepale. Chumba chake cha kazi ni chembamba, mlango wake unatazama barabara. Ndani kuna cherehani, pasi, kioo chenye ufa, na pazia ambalo nyuma yake wateja hujaribu nguo. Mtu akiwa nyuma ya pazia hilo huwa hanyamazi, na siku hizi wanaloongea ni hilo moja tu.

"Huku wanakuja na zipu mbovu na maoni yao," anasema. "Zipu naitengeneza. Maoni nayameza."

Kuyameza hakukuwa rahisi, kwani filamu ni ya binti yake wa pekee.

Binti huyo aliirekodi kwa simu. Gharama yake yote, anasema, haifiki keki ya harusi. Waigizaji ni ndugu na majirani. Nyumba iliyopigwa picha ni ya mama yake mkubwa, dada wa Mama Pindo. Usiku unaoonekana kwenye filamu ulikuwa mchana kweupe. Madirisha yalizibwa kwa bitana nyeusi kutoka rafu ya mama. Mwanga ulitoka kwenye taa ya kuazima ya fundi magari, ambaye alikuja mara mbili mlangoni kuulizia taa yake.

Nyuma ya filamu hiyo kulikuwa na makubaliano mazito. Baba wa binti ni dereva wa lori la masafa marefu, na alikuwa amemtafutia mwanawe nafasi ya ukarani kwenye kampuni anayofanyia kazi. Binti alilia, mama akaingilia kati. Mwishowe baba alikata shauri.

"Alisema, 'Haya, filamu moja. Watu wakiipenda, sitasema neno. Wakiiona upuuzi, anaingia ofisini na hadithi imekwisha,'" anakumbuka Mama Pindo. "Mume wangu hana maneno mengi. Lakini akisema, amesema."

Mama Pindo hakuwa na nia ya kuigiza. Kazi yake ilikuwa kushona vazi la mzuka, gauni refu la kijivu linaloburura. Alilishona kwa mapazia ya zamani, na kwa kuwa aliyepangwa kuwa mzuka alikuwa na umbo kama lake, alilipima mwilini mwake mwenyewe. Siku ya kurekodi, yule aliyepangwa hakutokea. Mchumba wake alikuwa amemkataza kuvaa nguo ya maiti kabla ya kuvaa ya harusi.

"Binti yangu akanigeukia. Akanitazama. Nikajua nimekwisha," anasema, na safari hii anacheka bila pini.

Maelekezo yalikuwa mepesi. Mzuka aje polepole kutoka uani, afike mlangoni, aingie, apite sebuleni na kuelekea chumba cha nyuma alikolala mjane. Asiseme neno. Asitazame pembeni.

Mama Pindo alitembea vizuri sana. Alipofika kizingitini, mguu mmoja ukaiacha kandambili, na wa pili ukafuata. Akainama, akazipanga pamoja pembeni ya mlango, kisha akaingia ndani kumtisha mjane.

"Sikujua kama nimefanya," anaapa. "Sakafu ya dada yangu inang'aa, na dada yangu namjua. Toka utotoni huingii kwa watu na viatu. Mimi nilikuwa nafikiria nisikanyage lile gauni, basi. Miguu ilijifanyia yenyewe."

Hakuna aliyeliona kosa. Binti alikuwa akiutazama uso uliofunikwa, fundi magari alikuwa akiitazama taa yake. Kosa lilikuja kuonekana kwenye kompyuta wakati wa kuunganisha picha, na hapo maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Mama mkubwa alikuwa ameshapaka sebule yake rangi mpya, na bila picha hiyo mzuka hana njia ya kuingia ndani. Ikabidi iachwe kama ilivyo.

Filamu ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Jumamosi mchana katika ukumbi wa shule. Baba alikuwa safarini. Mama Pindo alijificha katikati ya watu kama mtazamaji wa kawaida. Mambo yalianza vizuri. Ukumbi ulinyamaza, na mahali fulani mtoto alidai kwenda nyumbani. Mzuka akatokea uani, akaja, akafika mlangoni.

Akavua kandambili.

Ukumbi mzima ulipasuka kwa kicheko. Kinyozi ambaye duka lake linapakana na la Mama Pindo alisimama na kupaza sauti: "Karibu mama, pita ndani! Maji au chai?" Kuanzia hapo hakukuwa tena na filamu ya kutisha. Mjane alipopiga kelele, watu walicheka. Mjane alipokufa, watu walipiga makofi.

"Nilitamani ardhi ipasuke," anasema Mama Pindo kwa sauti ya chini. "Mwanangu alikuwa kule nyuma kwenye mashine ya kuonyeshea, na mimi najua analia. Nilijiambia, nimempeleka ofisini kwa miguu yangu mwenyewe. Niliumia. Mpaka leo nikikumbuka naumia."

Wiki iliyofuata ilikuwa ndefu. Binti alijifungia chumbani. Baba alipiga simu kutoka njiani, akauliza filamu imekwendaje, akajibiwa kwamba watu walikuja wengi. "Nikirudi tutazungumza," akasema.

Huku nyuma, wateja walimiminika na hukumu zao. Mwalimu mstaafu aliyeleta koti alilalamika kwamba nusu ya filamu ni giza tupu, na giza analo nyumbani kwake bure. Kinyozi alisema mjane alipiga ukelele kabla hajaona kitu, kama mtu aliyeambiwa, "Haya, sasa." Bibi harusi mtarajiwa, aliyekuja kujaribu gauni, alitoa lake kutoka nyuma ya pazia.

"Fundi, na ule mzuka ulivyopendeza! Umefufuka kaburini na pindo limenyooka vile? Limeshonwa likashoneka. Limefanana kabisa na la kwako."

"Mafundi tuko wengi, mwanangu," akajibu Mama Pindo haraka, akaongeza kasi ya cherehani ili mazungumzo yasisikike.

Aliyegeuza mambo ni muuguzi. Alikuja kupunguza sare yake ya kazi, akakaa kwenye benchi bila kusema, jambo ambalo kwenye benchi lile si la kawaida. Mama Pindo akamuuliza kama na yeye aliiona ile filamu.

"Niliiona. Nilicheka mpaka mbavu zikauma," alisema muuguzi. "Halafu nikarudi nyumbani. Mimi naishi peke yangu, mama. Nafika mlangoni, naona viatu. Ni vyangu mwenyewe, nilivianika asubuhi. Lakini nilisimama pale nje na ufunguo mkononi, miguu imegoma."

"Kwa sababu ya kandambili?"

"Ndiyo! Hebu fikiria. Mwizi havui viatu, anataka kuchukua akimbie. Mtu mwenye ugomvi havui viatu. Sasa yule kavua, kavipanga kabisa. Yule hakuja kutisha na kuondoka. Yule kaja kukaa."

Mama Pindo alisimamisha cherehani, jambo ambalo huwa hafanyi akiwa katikati ya mshono, akamwomba muuguzi arudie. Kisha akafunga mlango wa duka, akaenda nyumbani na kugonga chumba cha binti yake.

"Nilimwambia, 'Mwanangu, toka nje. Kuna mtu ameogopa.'"

Na hakuwa peke yake. Neno la muuguzi lilitembea, na kila lilipopita watu walikiri. Bibi harusi alikuwa ameanza kulala na viatu chini ya kitanda. Mwalimu mstaafu, yule wa giza, alikuwa akivihesabu vya wajukuu kabla ya kukaa sebuleni, na vikizidi anaita majina. Kinyozi alikana kwa siku kadhaa, mpaka mkewe alipomchongea mbele ya wateja: "Muulizeni kwa nini siku hizi viatu vyake analala navyo kama mtoto!" Waliokuwa hawajaiona filamu walianza kuitafuta, na msimamizi wa ukumbi akampigia binti simu kuomba ionyeshwe tena.

Siku ya onyesho hilo la pili baba alikuwa amerudi. Hakusema kama atakwenda. Mama Pindo alipogeuka ukumbini alimwona amekaa mstari wa mwisho, koti la safari mwilini, mikono imefungwa kifuani.

Mzuka alipofika mlangoni, wachache walicheka. Alipoinama na kuzipanga kandambili, kicheko kikakatika. Ukumbi ulikaa kimya mpaka mzuka alipofika chumba cha nyuma, na kinyozi, ambaye safari hii hakumkaribisha mtu, alikuwa amejifunika uso kwa kofia yake.

Mume na mke walirudi nyumbani kwa miguu. Walipofika, mume akakaa, akavua koti, akaomba maji, akanywa yote.

"Akaniambia, 'Mwendo wako naujua. Tumeishi wote miaka yote hii, ningekujua hata gizani. Nilijua ni wewe, na bado niliogopa.'" Mama Pindo anajifuta jicho kwa kipande cha bitana. "Halafu akasema ile nafasi ya ofisini amewaambia wampe mtu mwingine. Basi. Akaenda kuoga."

Gazeti hili lilipomuuliza kama siri yake ifichwe, Mama Pindo alifikiri kwa muda wa kutia uzi kwenye sindano. "Andika," akasema. "Maoni ya kunisema nimeyasikia kwa masikio yangu yote. Na ya kunisifu sasa waniambie usoni."

Ana jambo moja analolitaka zaidi. Binti yake tayari anaandika filamu ya pili, ya lori linalobeba abiria ambaye hakupanda popote. Mama Pindo ameomba apewe nafasi ya kuzungumza, tena bila kitambaa usoni. Anatumaini siku moja binti atapata kamera yake mwenyewe na taa ambayo hakuna anayekuja kuiulizia. Mpaka siku hiyo, bitana nyeusi iko, na madirisha ya mama mkubwa yapo.

Baba wa nyumba naye aliisikia habari ya filamu hiyo wakiwa mezani. Alikula, akanawa, akajipangusa mikono taratibu.

"Hilo lori," akasema bila kumtazama mtu, "nani analiendesha?"

Binti na mama yake walitazamana.

"Dereva yupo, baba," binti akajibu kwa hadhari. "Lakini anakufa mapema."

"Si neno," akasema baba. "Mradi nife vizuri."

Kwenye meza ya Mama Pindo, chini ya suruali ya fundi bomba, kuna kitambaa cha samawati ambacho hakina jina la mteja. Mabega ameshayapima na kola ameshaikata. Ni shati la kufia, na pindo lake, anasema, ataanza kulishona leo hii.