Kiti Nilichomnunulia Baba

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, ambayo ningekuwa na uwezo ningeifuta. Ilikuwa miaka ya themanini, inakaribia mwisho, hapa hapa Nyakakika, siku ya kushukuru kwa ajili ya nyumba yangu mpya. Nimeisimulia mara chache sana. Leo nakusimulia wewe kwa sababu nakuona umeanza kupata, na aliyeanza kupata anaweza kufanya kosa nililofanya mimi.

Kwanza ujue nilikuwa nani. Vita vya Kagera vilipokwisha niliondoka hapa na shati moja. Nilibeba magunia ya kahawa Bukoba, nikajilipia masomo mwenyewe, nikarudi baada ya miaka na diploma ya afya. Hakuna mjomba aliyenishika mkono. Katika kata nzima wenye diploma tulikuwa wawili, na yule mwenzangu alikuwa akiazima baiskeli yangu. Watu waliniita Bwana Afya. Nilikagua vyoo, nilifundisha kuchemsha maji ya kunywa, na nikieleza habari za chakula bora akina mama walipiga makofi. Kazi yangu niliijua. Hilo sitalikana hata leo.

Baba yangu, ambaye sisi Wanyambo tunamwita Tata, alikuwa akiishi peke yake tangu mama alipofariki. Kabla jua halijapanda alikuwa ameshaingia kwenye kibanja, lile shamba la migomba linalozunguka nyumba. Alikata majani makavu, akatandaza nyasi kwenye mashina, akang'oa magugu kwenye mibuni. Kisha alinawa, akaenda kwa jirani yake, mzee Kamugisha, wakatafuna punje kavu za kahawa, kama wafanyavyo wazee wa huku, na kubishana. Walibishana juu ya mipaka, juu ya mvua, hata juu ya ng'ombe waliokufa kabla mimi sijazaliwa. Jioni alikula ndizi na maharage, akalala fofofo.

Mimi niliona aibu. Bwana Afya mzima, halafu baba yake ana udongo hadi magotini! Nilipomaliza nyumba, niliyoijenga ndani ya kibanja hicho hicho, nikamhamishia humo, nikamnunulia kiti kikubwa chenye mito kutoka sokoni Nkwenda, pamoja na redio. Nikaajiri kibarua wa kulima badala yake, Sebastiani, Mrundi aliyekulia huku, mtu mwenye umri wa makamo. Nikamwambia kwamba siku nitakayomkuta mzee ameshika jembe, siku hiyo hiyo na yeye atafute kazi kwingine. Tata naye nikamwambia asizunguke tena kwa majirani, wanaomtaka waje wamwamkie nyumbani kwa mwanawe. Kamugisha alikuja mara mbili. Alitazama sakafu ya saruji, akatazama miguu yake yenye matope, hakurudi tena.

Tata hakubisha. Alikuwa akijivunia mimi, na mtu anayekujivunia ni rahisi kumwonea.

Mwaka haukuisha. Miguu ilianza kuvimba. Mchana alisinzia, usiku akakaa macho. Chakula alikigusa tu. Redio iliongea peke yake, na siku moja aliniita kwa jina la kaka yangu aliyefariki utotoni. Nilimpeleka kupimwa, nikamletea vidonge. Nilitafuta ugonjwa kila mahali isipokuwa kwenye kile kiti.

Sasa ile Jumapili. Walikuja mchungaji, wenzangu wa kazini, na majirani. Mzee Kamugisha pia alikuja, akakaa karibu na mlango. Chakula kilipokuwa tayari nikasimama, nikaongea sana juu ya nilikotoka. Nikamaliza kwa kumwomba Tata ainuke atubariki, kama ilivyo desturi.

Akashika mikono ya kiti, akajiinua kidogo. Miguu ikatetemeka, akarudi chini. Akajaribu tena. Chumba kizima kilikuwa kinamtazama. Mara ya tatu hakujaribu, akatabasamu akasema, "Kiti cha mwanangu ni kizuri mno. Hakitaki kuniachia."

Watu wakacheka kidogo, wakitazama sahani zao. Nami nikacheka, mwanangu. Hilo ndilo linalonichoma zaidi kuliko yote. Sebastiani ndiye aliyetoka jikoni, akamshika kwapani, akamsimamisha. Tata akatubariki huku ameegemea kifua cha kibarua wangu.

Baadaye nikamfuata Sebastiani nyuma ya nyumba. Nilitaka kumshukuru, labda na kumpa kitu. Hakuniacha nianze.

"Bwana Afya, mimi sikusoma," alisema. "Lakini huyu mzee wako haumwi. Umemkalisha."

Nikamuuliza ana maana gani.

"Kila ukipanda baiskeli kwenda kazini, anakuja mlangoni ananiomba jembe. Ananiambia, Sebastiani, niazime, mstari mmoja tu. Kwenye kibanja chake mwenyewe! Nami namnyima, kwa sababu ulisema utanifukuza na nina watoto. Siku hizi haombi tena. Ukitaka kunifukuza, nifukuze, lakini mimi sitamnyima mzee jembe lake tena."

Nilisimama pale na suti yangu. Diploma ilikuwa ukutani, kwenye kioo, na kibarua alikuwa ameona kile ambacho mimi nilisomea nisikione.

Wageni walipoondoka nilipiga magoti mbele ya Tata nikamwomba msamaha. Akasema, "Ulitaka watu waone kwamba umefika. Wameona. Sasa nipe panga langu."

Alianza na mgomba ulio karibu na mlango, Sebastiani akiwa kando yake. Wiki nzima, mgomba mmoja. Kisha miwili. Kamugisha akaanza kuja asubuhi, wakatafuna kahawa chini ya migomba, wakabishana. Usingizi ulirudi, hamu ya kula ikarudi, na jina langu halikumpotea tena. Lakini magoti hayakurudi yote. Kilima cha kanisani, alichokuwa akikipanda akiimba, hakukipanda tena kwa miguu yake hadi anafariki. Nilimsukuma kwa baiskeli kila Jumapili, na kila aliyetupita alijua kwa nini.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Mwili unataka kazi yake kila siku, hata ndogo, wala usiudanganye kwamba heshima ni kukaa. Amka mapema, tembea, lima hata kama unaweza kulipa wa kukulimia. Kula na watu. Kunywa maji yaliyochemshwa, hilo bado nalifundisha. Lala usingizi wa kutosha. Akili nayo inataka mtu wa kubishana naye. Mtu asiye na wa kuongea naye huzeeka upesi kuliko miaka yake. Na wazazi wako usiwapumzishe ili watu wakusifu. Waulize wanachokipenda, uwaachie hicho mikononi mwao.

Mungu akupe miguu ya kukubeba hadi uzeeni, na jirani wa kukuuliza umeamkaje. Akujalie mtu atakayekuambia ukweli unapojiona umefika, na moyo wa kumsikia mapema kuliko nilivyosikia mimi. Amina.