Mama Kupe na chatu waliooshwa kwa ajili ya mgeni

Saa mbili asubuhi, ndani ya banda la nyoka, mtaalamu wa maabara ambaye wenzake humwita Mama Kupe anapitisha kibano chini ya magamba ya chatu. Mtunza nyoka ameshika kichwa. Mama Kupe anatafuta kupe, na hapati hata mmoja.

Ananyanyuka, anavuta pumzi. "Umewaosha tena, shemeji?"

Mtunza nyoka, mume wa dada yake, anatabasamu kama mtu anayengoja kusifiwa. Jana aliwapaka chatu wote mafuta ya kupikia, akawaokota kupe na kuwachoma moto. Anasema ni aibu mgeni kukuta uchafu.

"Mgeni mwenyewe nimefuata huo uchafu," anajibu Mama Kupe, sauti ikianza kupanda.

Ndani ya kupe wa nyoka huishi vijidudu visivyoonekana kwa macho. Vingine havina neno, vingine huenda vinawapa watu homa. Mama Kupe huwasaga kupe hao maabara ili ajue wamebeba nini. Kazi hiyo imemchosha kuieleza. Hata mama yake mzazi alimuuliza kama kazi za watu zimeisha.

Lakini hapa si utafiti tu. Tangu mvua zianze, homa inampanda na kumshuka huyu mtunza nyoka, na kila akipimwa malaria haionekani. Dada mtu amechoka kumkanda kwa maji. Ndiye aliyemsihi mdogo wake aje kuchunguza banda, na hii ni mara ya tatu anaambulia patupu.

"Anachoma ushahidi, kisha ananipigia simu kulalamika homa," anajisemea Mama Kupe, akifunga mkoba kwa hasira. "Nimwambieje mtu huyu?"

Mtunza nyoka anajikuna nyuma ya goti, anapandisha suruali. Kupe amejishika hapo, amevimba kwa damu. Anamnyooshea ukucha amkamue.

Mama Kupe anampiga kofi mkononi. "Usimguse. Huyo ni wangu."

Anamng'oa kwa kibano, anamtia kwenye chupa, anaandika tarehe. Mtunza nyoka anaitazama chupa ile, na tabasamu lake linafifia.

Majibu yatachukua siku kadhaa. Mama Kupe anaomba kupe huyo awe na kijidudu anachokitafuta, daktari apate pa kuanzia.

"Halafu nakumbuka huyu ni mume wa dada yangu, naomba asiwe nacho," anasema. "Sijui niombe lipi."