Mtungi Tulioununua Kabla ya Kujua Nani Ataujaza

Mume wangu aliamua kujifunza kuzamia baada ya kuacha kazi ya mgodi, katika umri ambao wenzake hununua viti vya kukalia barazani. Kikundi kidogo kilikuwa kimeanza kukutana kila Jumamosi kwenye ziwa la bwawa la Nzilo, chini ya mkufunzi mmoja aliyewahi kuzamia bandarini, mbali na kwetu. Mimi sikuwahi kuyaamini maji yale. Ni ya rangi ya udongo, hayaonyeshi kilichomo, na Lualaba, hata ukizuiwa kwa ukuta, haujaacha kuwa mto.

Mkufunzi alikodisha kila kitu: mitungi ya hewa, vifaa vya kupumulia, makoti ya kuelea. Mume wangu hakutaka.

“Mi siwezi tia mu kinywa kitu yenye ilishatoka mu kinywa ya bantu bengine,” aliniambia.

Nilimwelewa. Nyumbani kwetu hata nguo za mitumba huchemshwa kabla hazijavaliwa. Niliwaza mate, magonjwa, mpira uliotafunwa na meno ya wageni. Kwa hiyo, mtu mmoja aliyekuwa akihama mji wa Fungurume alipotuuzia mtungi na kifaa chake cha kupumulia, ambacho mpira wake tungeuchemsha wenyewe, nilihisi nimepata usalama. Kilichobaki kilikuwa kuujaza.

Huku kwetu, mtu akisema mtungi wa kujazwa, akili ya kila msikilizaji hukimbilia kwa wachomeleaji. Tulikwenda mtaa wa Manika, kwenye banda lenye mitungi mirefu iliyoegemezwa ukutani. Mwenye banda aliupokea mtungi wetu kama mtoto mchanga.

“Tata, nitakutilia oksijeni. Ni safi kabisa.”

Mume wangu alinigeukia akicheka. “Umesikia, mama? Safi kupita hewa yote ya Kolwezi. Hii ya kwetu ni vumbi tu.”

Nimefundisha kemia kwa miaka mingi, na hapo niliuwekea mtungi mkono ili asiuchukue. Hewa tunayovuta ni mchanganyiko. Oksijeni ni kama sehemu moja tu kati ya tano. Mzamiaji anaposhuka, shinikizo huongezeka, na oksijeni tupu, ile ile inayotuweka hai, hugeuka sumu. Humtia mtu degedege, na mwenye degedege chini ya maji hana muda wa kupona.

“Usimtilie,” nilisema.

“Tata, mama huyu atakukataza hata kunywa maji,” mwenye banda akasema, na wasaidizi wake wakacheka.

Mume wangu hakucheka. Alimpigia simu mkufunzi kumuuliza kuhusu oksijeni hiyo, nami nilisogeza sikio karibu.

“Hapana, tata. Hapana kabisa,” sauti ilisema. “Na hiyo buteyi, huo mtungi wenu, usizamie nayo, hata ikijazwa hewa ya kawaida. Sijui ilipimwa lini, sijui ndani kuna kutu gani. Ununue miwani ya kuzamia, sababu sura ya kila mutu iko yake. Bingine ukodi kwanza. Buteyi zangu ninazijaza miye, na mimi mwenyewe ninapumua mu izo izo.”

Tuliurudisha mtungi nyumbani ukiwa mtupu. Niliogopa kwamba aibu ya kuchekwa ingemrudisha kule bandani peke yake, siku nisipokuwapo.

Jumamosi alivaa miwani mipya na mtungi wa kukodi. Mkufunzi alitangulia, naye akafuata, maji yakajifunga juu ya kichwa chake. Niliyatazama mapovu yake yakipanda, mafungu mawili karibu karibu, lake na la mkufunzi. Kisha upepo ulivuruga uso wa ziwa na nikayapoteza. Niliita. Hakuna aliyeweza kunisikia. Nilibaki nikipumua kwa haraka, kana kwamba ningeweza kumpumulia.

Walipoibuka, alitoa kile kipumulio mdomoni na kutema mate.

“Chini kule sikuona hata mukono yangu,” alisema alipofika ukingoni. “Woga ulinishika sana. Nikageuza kichwa, nikasikia mkufunzi, mwenye buteyi, iko pale kando yangu, anapumua polepole. Basi na mi nikapumua.”

Nilimfunika taulo. Midomo yake ilikuwa ya bluu kwa baridi, na nilimuuliza kama Jumamosi ijayo atakodi tena.

“Nitakodi,” alisema, bila kunitazama, macho yake yakiwa bado majini.